Jina Lisilopinduka

Jumatatu, 26 Juni 1995

Leo nimeliona jina langu majini. Majini!

Nilishuka mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, kumpelekea mama mdogo Dorcas magunia yake ya dagaa. Mitumbwi ya tajiri Malimi ndiyo ilikuwa inarudi na mzigo. Mipya, imepakwa bluu, inang'aa. Ubavuni, kwa rangi nyeupe: HELLEN. Wa kwanza HELLEN, wa pili HELLEN. Yote minne.

Jina lenyewe si neno. Akina Hellen tuko wengi, hapa Luchelele peke yake utatuokota kama kokoto. Ni mwandiko! Ile H yangu yenye fimbo ya kati iliyoinama kidogo, ambayo ukiipindua kichwa chini inakuwa N ya mwishoni. Zile l mbili zilizosimama wima. Zile e za mviringo. Ndiyo alama ninayoweka kwenye kona ya kila bango nililoandika tangu nianze kazi. Alama yangu, nimeitoa kichwani mwangu.

Nikamuuliza mama mdogo nani kaandika. Kasema ni kijana wa Mkuyuni, yule unayekaa naye kibandani, hujui? Alikuja wiki ile uliyokuwa Usagara.

Yunus.

Magunia niliyatupa mchangani. Hata kuaga sikuaga.

Jumanne, 27 Juni

Nimemkuta anachanganya rangi, anapiga mluzi. Mimi na Yunus tumefundishwa na mtu mmoja, marehemu fundi Ngosha, na kibanda hiki katuachia sote wawili. Miaka yote tumekula sahani moja. Nikamuuliza: nani kakupa ruhusa?

Hakushtuka! Kasema Malimi alikuja mimi sipo, nimekwenda Usagara kuandika ukuta wa hoteli. Anataka mitumbwi iitwe jina la marehemu mama yake, naye aliitwa Hellen. Akaona alama yangu kwenye kona ya bango, akaipenda, akauliza ni ya nani. Yunus akajibu: ya kwetu.

Ya kwetu!

Nikamwambia ni yangu. Kasema, "Dada Hellen, jina si lako peke yako. Hata mama wa mwenzio alibatizwa hilohilo." Halafu akaongeza — hapo ndipo aliponikata maini — kwamba hata ningekuwepo isingesaidia, wavuvi gani watakubali mwanamke aparamie mitumbwi yao na brashi?

Nimehamishia vitu vyangu upande wa mlangoni. Sitamsemesha. Lakini nitamkomesha. Naandika hapa ili nisije nikajisahaulisha: nitamkomesha.

Alhamisi, 29 Juni

Nimekwenda kwa Malimi mwenyewe. Nikaamkia shikamoo, nikakaa, nikaeleza kwa adabu zote. Huyu mzee alikuwa karani kwenye chama cha ushirika, wakampunguza kazi, kiinua mgongo akanunulia mbao na injini. Sasa ni tajiri wa mwalo mzima, soko huria limemkubali. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, akasema binti, mimi nimeshamalizana na fundi, hayo ya kibandani kwenu mkayamalize kibandani.

Basi.

Nimefikiria kumwagia Yunus mafuta ya taa kwenye makopo yake ya rangi. Nimefikiria kwenda kwa mke wake Mastura nikamwambia maneno. Yote ya kitoto. Nataka kitu kitakachomuuma pale anapojivunia.

Watu wanadhani alama ile ni mchezo. Haina hata jina, mimi naiita pindua-usome, maana ukiligeuza kichwa chini linasomeka Hellen lilelile. Ilianza kwa fundi Ngosha. Alikuwa anatulazimisha kupindua kila bango kichwa chini kabla ya kukabidhi, maana ukilisoma lilivyo unasoma neno, ukilipindua unaona herufi — ipi nene, ipi imekonda, ipi inaanguka. Siku moja nikapindua bango lenye jina langu na H ikanitazama kama N. Nikasema ala! Nikakaa na kalamu ya risasi msimu mzima wa mvua.

Jina ama linakubali ama linakataa. Langu lilikubali kama lilikuwa linanisubiri. Mastura aliniomba la kwake kwa ajili ya mlango wa saluni, nikahangaika nalo, likakataa katakata. Na sijawahi kuona mtu aliyepindua langu mara moja akaridhika. Wanapindua, wanacheka, wanapindua tena. Muuza sabuni, mchungaji, hata yule askari mkali wa sokoni. Sasa hivi kila mtu anafungua duka, kila ukuta una jina, yote yanapiga kelele, na hapo katikati kuna jina moja linalomfanya mtu asimame na kuinamisha shingo. Jina ambalo halina juu wala chini. Ukiliweka kwenye kreti la samaki, kuli alitupe anavyotaka, litasomeka.

Ndicho alichoniibia. Si jina. Ni ile shingo inayoinama.

Jumapili, 2 Julai

Mungu yupo!!

Baada ya ibada nikapita mwaloni. Mitumbwi imetia nanga karibu, nikaingia majini mpaka magotini, nikauchunguza wa kwanza kama daktari. Kazi safi. Mkono wa Yunus ni mzuri, sitasema uongo hata kwa hasira. Safi kuliko yangu.

Na hapo ndipo alipojimaliza.

e yangu ina siri. Mdomo wake uko wazi chini kulia, kama e yoyote. Lakini juu kushoto huwa naacha mstari ukonde, ukonde, mpaka ukatike — kama brashi iliyoishiwa rangi. Mtu akisoma hapaoni, jicho linasamehe. Ukipindua, pale palipokatika ndipo panakuwa mdomo, na ule mdomo wa mwanzo ndio jicho linausamehe. Kila e inakaa zamu ya mwenzake.

Yunus kakata karatasi ngumu ya kupulizia rangi. Karatasi hizo lazima uache vijidaraja vya kushikilia herufi zisidondoke, kwa hiyo ukishapuliza unabaki na mapengo, na fundi nadhifu anayajaza kwa brashi. Fundi mzembe anayaacha. Yunus si mzembe! Kajaza yote. Na langu kadhani ni pengo la karatasi, kalijaza. Kwenye kila e, kila ubavu, mitumbwi yote.

Sasa linasomeka vizuri ajabu — likiwa limesimama. Likipinduliwa, e zote mbili zinakupa mgongo.

Karatasi alipompindulia Malimi ilikuwa sawa, kwa kuwa bado ilikuwa na pengo. Mtumbwi hajaupindua. Nani apindue mtumbwi?

Mbalamwezi. Mwezi ukijaa, dagaa hawafuati taa. Wavuvi wanapumzika, mitumbwi inavutwa mchangani, inalazwa kifudifudi, inazibwa pamba na kupakwa lami matakoni. Mwezi huu tayari una pembe.

Nimerudi nyumbani naimba. Mama mdogo akauliza ibada ilikuwaje. Nikamwambia nimebarikiwa!

Jumatano, 5 Julai

Yunus kapata kazi nyingine kwa ajili ya alama yangu. Mwenye kiwanda cha mikate cha Mkuyuni anataka ya kwake, ikae kwenye magari. Anatamba kibandani: hii fani inataka kichwa. Mimi nasugua ubao wangu.

Meno yananiuma kwa kuyabana.

Ijumaa, 7 Julai

Saba Saba. Watu wote wako mwaloni na soda.

Malimi alikuwa amesimama kwenye jiwe kubwa, anawaambia wavuvi wake kuhusu jina la mama yake. Anasema hili jina nimeandikiwa halina kichwa chini. Ziwa lichafuke, lituchezee, hili jina halipinduki.

Ningenyamaza ingetosha. Sikunyamaza. Nikamsogelea Mayala, nahodha wake mkubwa, ambaye huwa hapandi mtumbwi bila kunong'onezana na maji kwanza. Nikamwambia, kaka Mayala, tajiri hatanii. Hilo jina halipinduki kamwe. Mwenye kupanda mtumbwi wenye jina kama hilo kapanda kinga.

Akaniuliza: kweli?

Nikamwambia mimi ndiyo kazi yangu, nitakudanganya?

Jioni wote walikuwa wanasema hivyohivyo. Mtumbwi usiopinduka. Mpaka watoto.

Jumatatu, 10 Julai

Leo ndiyo leo!

Wameivuta asubuhi. Nilijifanya nasaidia kugeuza dagaa wa mwisho wa mama mdogo. Yunus naye alikuwepo, kavaa shati la mikono mirefu — Malimi kamwita, kaja na yule mwenye mikate aje ajionee. Wakahesabu moja, mbili, harambee! Wa kwanza ukalala kifudifudi.

Malimi akainamisha shingo huku. Akainamisha kule. Mwenye mikate akainamisha. Mayala, ambaye kusoma kwake ni kwa shida, ndiye aliyesema: hizi herufi mbili zimekufa. Akazigusa kwa kidole. Zimelala chali, angalia.

Wakalaza wa pili. Vilevile. Wa tatu. Hapo vicheko vikaanza, wanawake wa dagaa ndio wakaanza, na mwanamke wa Luchelele akicheka anasikika Ukerewe. Yunus akawa anazunguka mtumbwi kama kuku anayetafuta mlango. Anasema ilikuwa sawa, wallahi ilikuwa sawa, kwenye karatasi ilikuwa sawa!

Nilimtazama usoni. Nilitaka anione ninavyomtazama. Akaniona.

Ndipo mama mdogo akapaza sauti mbele ya watu wote: "Mayu, mama wee! Si mmeiba jina la mwanangu? Mlidhani litakaa kwenu?"

Sikumtuma. Lakini sikumzuia.

Jumanne, 11 Julai

Mwenye mikate kachukua malipo yake ya awali. Yunus hakuja kibandani. Nimekaa upande wake kutwa nzima, kwenye kigoda chake, kwa makusudi tu.

Chai imekuwa tamu leo!

Ijumaa, 14 Julai

Kagundua.

Kapeleka kibao kidogo mwaloni, kakaa mbele ya mtumbwi mmoja, kachora, kapindua, kachora, kapindua. Mwisho akachukua kisu akakwangua juu kushoto ya kila e, akapitisha bluu. Mama mdogo kaniambia sasa linasomeka. Huku na huku.

Kajua mwenyewe! Mimi nilikaa nayo msimu wa mvua mzima, yeye siku chache tu. Nimekasirika upya, zaidi ya mwanzo. Nilitaka aje kuniuliza. Nilitaka aje apige magoti ndipo nimwambie sijui.

Jumapili, 16 Julai

Mambo yamegeuka. Giza linarudi, leo ndio walitakiwa kushusha mitumbwi. Mayala kagoma.

Malimi akamwonyesha: si hili hapa, limeshatengenezwa? Mayala kasema hapana tajiri, tumeliona limekufa kwa macho yetu. Na limeibwa, mama Dorcas kasema. Jina la kuiba haliogelei. Mpaka mwenye jina alirudishe kwa mkono wake.

Vijana wote nyuma yake. Malimi kafoka, katishia kuajiri wengine kutoka Ukerewe. Wamekaa zao chini mchangani wakacheza bao.

Mwenye jina ni mimi. Mwanamke asiyeruhusiwa kuparamia mitumbwi! Leo wanasema bila yeye hatutoki. Nimecheka mpaka machozi.

Jumanne, 18 Julai

Nyumbani hapakaliki.

Mama mdogo huwa anachukua dagaa kwa Malimi tu, kwa mali kauli, analipa akishauza. Mitumbwi mingine ina wanawake wake. Sehemu yake ya kuanikia ni tupu, ameifagia mara nyingi mpaka imekuwa kama uwanja wa kanisa. Asubuhi kaniambia nenda kaguse hizo herufi zako, mwanangu, inakugharimu nini? Nikasema waje waniombe. Kasema, nani aje? Mimi si nimekuomba?

Nikatoka.

Na kweli ingekuwa kugusa tu. Mstari mmoja juu ya kila e. Yunus kaziweka sawa tayari, ningepitisha brashi isiyo na kitu Mayala angeridhika.

Lakini nani atanirudishia ile siku niliyoliona jina langu linapita na mzigo wa watu?

Jumatano, 19 Julai

Malimi kaja hapa nyumbani, jioni, kofia mkononi. Sasa naitwa fundi, si binti. Kasema anaomba nikamilishe kesho mchana, washuke jua likizama. Ikishindikana kesho, atakwangua majina yote, ataandika namba tu. Kachoka.

Nikasema nitakuja kwa sharti moja. Yunus asimame mwaloni mbele ya watu wote, wanawake wa dagaa wawepo, aseme kwa kinywa chake: alama ni ya Hellen, mimi niliiba. Aseme mimi nikiwa nimesimama pale na brashi.

Nilijua atakataa. Namjua Yunus! Angekufa kwanza.

Alikuwa nje. Alikuwa kaja na Malimi, kasimama kwenye mwarobaini, sikumwona. Akaingia akasema, "Nitasema."

Nikamwambia utasema niliiba. Si kwamba nilikopa, si kwamba ni ya kwetu.

"Nitasema niliiba. Kesho saa nne niko pale." Akaaga. Akamwamkia mama mdogo tena wakati wa kutoka. Macho mekundu, lakini sauti imetulia.

Kakubali haraka namna ile! Hakubisha hata neno moja. Mama mdogo kafurahi, kaanza kuzitoa nyavu zake za kuanikia. Mimi nimekaa. Nilikuwa nimemwandalia maneno mengi sana, na sasa yamenijaa kifuani hayana pa kwenda.

Alhamisi, 20 Julai

Rangi nimechanganya. Brashi nimeosha. Kanga nimejifunga ile nzuri.

Nilichungulia kwa dirisha la jikoni. Yunus alifika saa nne kamili. Kasimama kwenye mitumbwi, kwenye jua, shati lilelile la mikono mirefu. Watu wameshajaa. Nikasema asimame kidogo kwanza, kidogo tu. Ajue kungoja. Nikabandika chai.

Mchana Malimi kamtuma mtu. Nikasema natafuta brashi nyembamba.

Baadaye kaja mama mdogo. Kasema Yunus kaombwa akae kivulini kakataa, anasema mpaka fundi aje. Kasema mastori yameisha, watu hawacheki tena, wanamtazama tu. Mwanamke mmoja kampelekea maji. Mwanamke wa dagaa! Mmoja wa wale waliocheka!

Maji ya nini? Mimi nani aliniletea maji?

Nimerudi mezani. Nilikaa nikajiuliza nikishaenda, akishasema, nikishapitisha brashi, itakuwaje. Itakuwa imekwisha. Mitumbwi itashuka, watawasha karabai, kesho mchanga utakuwa mweupe kwa dagaa, na Yunus atarudi kibandani, na mimi nitarudi kibandani. Nitamwambia nini? Tangu Juni naamka na kitu hiki, nalala nacho. Sijui nitaamka na nini.

Rangi imeshika utando juu. Nimeukoroga.

Wavuvi wameanza kuondoka, wawili watatu. Malimi kakaa kwenye jiwe lake, kisu cha kukwangulia kiko mapajani. Yunus bado kasimama. Sasa kavua kofia yake, sijui kwa nini, jua lote liko usoni.

Mama mdogo yuko mlangoni. Haingii. Anasema, "Hellen. Jua linashuka."

Nimemjibu nakuja.

Sijainuka.